Hojaji yasema hivi, mwalo wasema vile: kutatua hitilafu za utafiti mseto

Utafiti mseto, ule unaokusanya namba kwa hojaji na maelezo kwa mahojiano ndani ya kazi moja, mara nyingi huharibikia kwenye kiungo. Hojaji peke yake inaweza kuwa safi, mahojiano yakawa mazuri, na kazi nzima bado ikarudishwa na msimamizi. Hapa tumepanga hitilafu kwa dalili, kwa sababu mtafiti huona dalili kabla hajajua sababu. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia, na ukaguzi mwepesi umetangulia ule wa gharama.

Mifano ni ya mialo (fukwe za ziwa wanaposhushia wavuvi samaki) ya Mwanza: Kirumba, Igombe, Kayenze na visiwa vya Ukerewe. Idadi za watu zilizomo kwenye mifano ni za kufanyia hesabu tu, hazikutoka kwenye utafiti wa mtu.

Ukaguzi wa kwanza kabisa hauhitaji kompyuta. Maliza sentensi hii: "Nahitaji namba na maelezo kwa pamoja kwa sababu..." Mwaka 1989 Jennifer Greene na wenzake walitaja sababu tano zinazokubalika: kuthibitisha jambo moja kwa njia mbili, kukamilishana, njia moja kuandaa nyingine, kutafuta mikinzano, na kupanua eneo la uchunguzi. Sentensi yako ikiwa inaishia na "chuo kinapenda" au "ili utafiti uwe na nguvu zaidi", chagua njia moja uifanye vizuri. Hakuna aibu katika hilo, na utaokoa nauli ya kivuko.

Dalili: namba na maelezo yanapingana

Hii ndiyo inayoletwa mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayowatia watu hofu bila sababu. Usifute upande wowote. Pitia sababu zifuatazo kwa mpangilio huu.

*Swali moja, vitu viwili.* Chukua hojaji ya wanawake wanaoanika dagaa. Swali linasema: "Nani huamua matumizi ya kipato chako?" Wengi wanajibu "mimi mwenyewe". Kwenye mahojiano mama yuleyule anasema hela ya mboga, sabuni na madaftari anaamua yeye, lakini kiwanja na mtaji wa msimu ujao ni shauri la baba watoto. Hajadanganya popote. Neno "matumizi" kwake ni ya kila siku, na kwako ni yote. Tibu kwa kuligawa swali: matumizi madogo, ada na matibabu, mtaji, mali isiyohamishika. Kama hojaji imeshapita, usibadilishe data. Badilisha dai lako: andika kwamba swali lilipima uamuzi wa matumizi ya kila siku, kisha onyesha mahojiano yalivyokufungulia macho.

*Kipimo cha muda si cha kwao.* Swali la "kipato chako kwa mwezi" ni mtego mkubwa kwenye mialo ya dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikipamba wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo mvuvi hahesabu Januari na Februari, anahesabu giza, yaani kipindi cha usiku usio na mbalamwezi. Mzunguko wa mwezi wa angani ni siku 29 na nusu hivi, hivyo mwezi wa kalenda unaweza kulikata giza katikati. Ukimuuliza tarehe 5, anakujibu kwa giza lililopita, lote au kipande chake, na jirani yake anakujibu kwa jingine. Uliza hivi: "Giza lililopita mliingia ziwani usiku ngapi?" Kisha: "Usiku wa kawaida ulipata mgao kiasi gani? Usiku mbaya je?" Jumla utaipiga mwenyewe.

Hapo hapo kagua neno *mgao*. Kwenye mitumbwi mingi, fedha ya mauzo hutolewa kwanza gharama za mafuta na chakula, ndipo mwenye chombo (huko humwita tajiri) na vibarua wagawane. Kibarua akisema "tulipata laki tatu", huenda anataja mauzo ya mtumbwi mzima. Ukiiweka namba hiyo kwenye safu ya kipato cha mtu mmoja, umempandisha cheo kwa kalamu.

*Misimu miwili tofauti.* Hojaji ilifanyika Agosti, jua kali na dagaa wanakauka mchangani kwa siku moja. Mahojiano yakafanyika Aprili, mvua za masika zinanyesha, dagaa hawakauki, na mzigo unauzwa kwa bei ya kutupa uende kwenye chakula cha kuku. Hapo pande zote mbili ni za kweli. Angalia tarehe ya kila hojaji na kila mahojiano, ziweke kwenye jedwali moja, utaona. Dawa ni kukusanya vyote ndani ya msimu mmoja, au kuutaja msimu waziwazi kama sehemu ya matokeo.

*Nani alikuwa amesimama pembeni.* Mwenyekiti wa mtaa amekupeleka nyumba hadi nyumba, ameketi kwenye benchi, na wewe unauliza juu ya michango na makokoro (nyavu haramu za kukokota). Hojaji zote zitakuwa tamu. Wiki mbili baadaye, faraghani, habari inageuka. Weka kwenye hojaji kisanduku kimoja kinachojazwa na mdadisi (yule anayeuliza hojaji): *nani mwingine alikuwepo?* Kisha linganisha majibu ya waliokuwa peke yao na ya waliozungukwa. Ni dakika tano za kazi, na wengi hawazifanyi.

*Tofauti ni ya kweli.* Ukishazimaliza hizo nne na mpingano ukabaki, hilo ni tokeo. Liandike kama tokeo. Watahini wazuri hulipenda kuliko makubaliano ya kupakwa rangi.

Simama hapa: kama unajikuta unatafuta "namna ya kuzirekebisha" namba ili zifuate mahojiano, funga faili umwone msimamizi. Kubadilisha jibu la mhojiwa baada ya kulikusanya ni kughushi, hata kama nia ni njema.

Dalili: sura ya matokeo ni kazi mbili zilizobanwa kwa pini moja

Sehemu ya kwanza ina majedwali ya SPSS (programu ya takwimu), sehemu ya pili ina nukuu za wahojiwa, na hazisalimiani. Mtahini anauliza, "Mseto uko wapi?"

Sababu kuu ni kwamba vyombo viwili viliandikwa siku tofauti, pengine na watu tofauti, bila kuwekwa mezani pamoja. Ukaguzi mwepesi: chapa hojaji na mwongozo wa mahojiano, chukua kalamu, chora mstari kutoka kila swali la hojaji kwenda kwenye swali la mahojiano linalohusu jambo lilelile. Maswali yasiyo na mstari upande wowote yakizidi nusu, hukuwa na mseto tangu mwanzo.

Sababu ya pili ni kutokujua mpangilio wako. Ipo mitatu ya msingi. Namba kwanza kisha maelezo, kwa ajili ya kueleza kilichoonekana kwenye namba. Maelezo kwanza kisha namba, ambapo mahojiano yanakupa maneno ya kutungia hojaji. Au vyote sambamba, kisha unavilinganisha. Katika mpangilio wa kwanza na wa pili, kiungo kimo katikati ya safari: matokeo ya hatua moja lazima yabadilishe kitu kwenye hatua inayofuata. Kama mwongozo wako wa mahojiano ulikuwa umeshachapwa kabla hojaji hazijachambuliwa, hukufanya mpangilio wa kwanza, hata kama pendekezo lako linasema hivyo.

Ukiwa tayari na data mkononi, dawa ni jedwali la kuunganisha. Chora safu nne: jambo lenyewe, hojaji ilisema nini, mahojiano yalisema nini, na vikikaa pamoja vinasema nini. Tuseme jambo ni *mikopo ya kikundi*. Safu ya pili: wengi wa waanikaji wamo kwenye kikundi, wachache wamekopa mwaka huu. Safu ya tatu: wanaogopa marejesho ya kila wiki, kwa sababu siku za mbalamwezi hakuna dagaa na hela haiingii. Safu ya nne: tatizo haliko kwenye uanachama, liko kwenye ratiba ya marejesho isiyofuata giza. Sentensi ya safu ya nne haikuwepo kwenye hojaji wala kwenye mahojiano. Hiyo ndiyo faida ya mseto, na kama safu ya nne inarudia tu safu ya pili kwa maneno mengine, jambo hilo halijaunganishwa bado.

Mistari sita hadi kumi inatosha kwa tasnifu ya shahada ya uzamili. Jedwali la kurasa tano hakuna anayelisoma.

Dalili: sampuli ni kubwa kwenye karatasi, nyepesi kwenye hesabu

Wanafunzi wengi hutumia kanuni ya Yamane kupata ukubwa wa sampuli: gawanya idadi ya watu wote kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linaloruhusiwa. Mwalo wenye watu 1,200, kosa likiwa 0.05: 1,200 gawanya kwa 4, unapata 300. Hesabu ni sahihi. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo inadhani umechagua watu kwa bahati nasibu ya kawaida, mmoja mmoja kutoka kwenye orodha, na kwamba unakadiria asilimia moja ya jumla.

Kama ulichagua mialo 15 kisha watu 20 kila mwalo, watu wa mwalo mmoja wanafanana: bei moja, tajiri walewale, mvua ileile. Kiasi hicho cha kufanana kinapimika. Kikiwa 0.05, zidisha 19 (watu 20 wa mwalo ukitoa mmoja) kwa 0.05, jumlisha 1, unapata 1.95. Gawanya 300 kwa 1.95: watu wako 300 wanabeba taarifa ya watu 154 hivi. Ama uongeze mialo (kuongeza watu ndani ya mwalo uleule husaidia kidogo sana), ama uwe mpole kwenye madai.

Na ukitaka kulinganisha wanaume na wanawake, au wilaya za Ukerewe na Ilemela, Yamane haikusaidii kabisa. Hapo mwite mwanatakwimu *kabla* ya kwenda uwandani. Akija baada ya data, kazi yake inakuwa kukuambia marehemu alikufa kwa nini.

Upande wa mahojiano, kosa ni la kinyume: watu watano "kwa sababu muda haukutosha". Mwaka 2006 Guest, Bunce na Johnson walirudia kuchambua mahojiano 60 waliyofanya na wanawake huko Ghana na Nigeria, wakaona kwamba karibu mada zote zilikuwa zimeshajitokeza kufikia mahojiano ya 12. Namba 12 imeshikwa tangu hapo kama msahafu. Lakini wahojiwa wale walikuwa wa aina moja. Mwaloni una tajiri, vibarua, waanikaji na wachuuzi, na kila kundi lina ziwa lake. Anza na 6 hadi 8 kwa kila kundi, uendelee mpaka mahojiano mawili matatu mfululizo yasilete jambo jipya. Kwenye majadiliano ya vikundi, watu 6 hadi 10, na usimchanganye tajiri na vibarua wake. Utapata mjadala wa mtu mmoja.

Dalili: watu uliotaka kuwarudia hawapatikani

Umechambua hojaji, umeona wanawake wanane wenye kipato kikubwa isivyo kawaida, unataka kuwahoji. Huwajui ni akina nani.

Mara nyingi hojaji haikuwa na namba ya utambulisho, au namba ilikuwepo na daftari la majina halikuwepo. Bila kiungo hicho, mpangilio wa namba kwanza hauwezekani. Kila hojaji ipewe namba (mfano KAY-014). Jina, simu na alama ya mahali viwe kwenye faili jingine lenye nywila, lisilokaa kwenye simu za wadadisi. Kwenye ridhaa weka swali la pekee: "Je, unakubali tukutafute tena?" Asiyekubali, usimtafute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inakuhusu hata ukiwa mwanafunzi.

Sababu inayofuata ni kuhama. Wavuvi hufuata samaki, na kambi inaweza kuwa tupu baada ya miezi miwili. Chukua namba mbili za simu, moja ya mtu wa nyumbani asiyehama. Acha wiki nne hadi sita tu kati ya hojaji na mahojiano. Hilo linamaanisha uchambuzi wa awali ufanyike ukiwa bado hukohuko, hata kwa Excel, bila kusubiri kurudi chuoni.

Dalili: majibu ya hojaji yanafanana mno

Kila mtu "anakubaliana kabisa". Kila kipato kinaishia na sifuri tano. Kabla hujamlaumu mdadisi, laumu vipimo vyako. Kipimo cha "nakubaliana kabisa, nakubaliana, sina hakika, sikubaliani, sikubaliani kabisa" kikisomwa kwa sauti mbele ya mzee wa Kisukuma, adabu inamtaka amkubalie mgeni. Badala yake mpe kokoto kumi au punje kumi za mahindi: "Kama ni shida kubwa weka nyingi, kama ni ndogo weka chache." Hesabu alizoweka. Mikono hutoa tofauti ambazo midomo inazifunika.

Kisha lugha. Mdadisi anayetafsiri swali kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita papo kwa papo anatunga hojaji yake mwenyewe. Tafsiri iandikwe, mtu wa pili airudishe kwa Kiswahili bila kuona asili, mlinganishe. Jaribio la awali lifanyike kwa watu 20 hadi 30 kwenye mwalo usiomo kwenye sampuli.

Ndipo sasa mdadisi. KoboToolbox, programu ya kujazia hojaji kwenye simu, huweka muda wa kuanza na kumaliza kwa kila hojaji. Hojaji ya maswali 60 iliyokwisha ndani ya dakika 9 haikuulizwa. Panga hojaji kwa mdadisi, tazama muda, tazama alama za mahali (hojaji kumi kutoka chini ya mwembe mmoja?), kisha wapigie simu wahojiwa asilimia 10 uwaulize maswali matatu tu waliyokwisha kujibu. Fanya hivi jioni ya siku ya kwanza. Siku ya kumi umechelewa.

Simama: ukithibitisha mdadisi amejaza mwenyewe, usitupe zile mbaya tu na kubaki na "zinazofanana na kweli". Ondoa kazi yake yote, mjulishe msimamizi, na eleza kwenye ripoti hojaji ngapi zimeondolewa na kwa nini.

Dalili: mada za mahojiano ni maswali yako yenyewe

Uliuliza juu ya changamoto, mada ya kwanza ni "changamoto". Uliuliza juu ya mikakati, mada ya pili ni "mikakati". Hapo uchambuzi haujaanza. Rudi kwenye maandishi, weka alama kwa kutumia maneno yao: "kusubiri giza", "tajiri ndiye benki". Watu wawili waweke alama kwenye mahojiano matatu yaleyale, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Ukitumia kipimo cha kappa (namba inayopima mlivyokubaliana kuliko bahati tu), zaidi ya 0.6 huhesabiwa kuwa makubaliano mazuri, ila mazungumzo ya kwa nini mlitofautiana yana faida kuliko namba yenyewe.

Ndugu yake na kosa hili ni "asilimia 75 ya wahojiwa walisema", wakati wahojiwa ni 12. Mtu mmoja hapo ni asilimia 8.3. Andika "tisa kati ya 12", au eleza waliosema ni akina nani. Asilimia ziachie hojaji.

Dalili: muda umeisha, sauti hazijaandikwa

Saa moja ya sauti hula saa 4 hadi 6 za kuandika, zaidi kama ni Kisukuma cha kutafsiriwa. Mahojiano 24 ya saa moja ni saa 96 hadi 144 za mtu mmoja. Ukikwama, usichague yaliyo mafupi. Chagua mawili ya kila kundi uyaandike neno kwa neno, mengine usikilize ukiandika muhtasari wenye dakika, na useme hivyo kwenye sura ya mbinu.

Pa kusimama na kuita mwenye kazi yake

Vibali havitatuliwi uwandani. Barua ya chuo au kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, hadi kwa mwenyekiti. Utafiti unaogusa afya unahitaji pia idhini ya maadili. Ukiongeza mahojiano baada ya kupata idhini ya hojaji tu, rudi kwenye kamati kabla ya kuwasha kinasa sauti.

Mhojiwa akitaja zana haramu, kama makokoro, usiandike jina la mwalo mdogo pamoja na maelezo yanayomtambulisha. Kwenye mwalo wenye mitumbwi minane, "tajiri mwenye mitumbwi mitatu" ni jina kamili.

Na mhojiwa akianza kusimulia kupigwa, kubakwa au kuteswa kwa mtoto, weka kalamu chini. Usichimbe kwa ajili ya nukuu. Msikilize, muulize kama yuko salama leo, mpe njia: afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au simu 116 kwa mambo ya watoto. Namba hizo ziwe zimeandikwa kwenye kikaratasi kidogo kisicho na kichwa cha habari, kinachoweza kufichwa kwenye pindo la kanga, na kila mdadisi awe nazo tangu asubuhi ya kwanza.